Mchuzi wa Mzazi

Daktari aliuliza swali moja kwa Kiswahili, na bora angeliuliza kwa Kiarabu kama mengine yote.

"Nani anapika nyumbani?"

Noof hakufungua mdomo. Alimwonyesha mama yake kwa kidevu, kama mtu anayewaonyesha majirani mwizi wa kuku.

Mpaka hapo Rahila alikuwa amekaa kando na mjukuu mapajani, anajua kuwa binti yake anaambiwa jambo zito na hajui jambo gani. Kiarabu anacho, cha sokoni, cha misibani na cha kugombana na mafundi wa viyoyozi, na kimemtosha tangu alipotua Maskati kutoka Unguja akiwa msichana aliyekwisha vunja ungo. Kiarabu cha hospitali hana. Pale mapokezi muuguzi kijana alimuuliza anatoka wapi. Akajibu, Darsait, mtaani kwake. Muuguzi akatabasamu, akasema, la, khalti, kama wanavyomwita hapa kila mwanamke mtu mzima, nauliza asili. Nusu karne Rahila anaishi hapa, kazaa hapa, mume kamzika hapa, na bado hakosi mtoto wa juzi wa kumuuliza asili.

Mambo yenyewe yalianza na nywele. Noof alipokuwa na mimba, hospitali iliwaomba wajawazito watoe kishungi kidogo cha nywele, ionekane wanaokula samaki sana wana nini mwilini. Noof akatoa. Yeye ni msomi, anafanya kazi wizarani Al Khuwair, na wasomi wanapenda kupimwa. Kisha akasahau. Sasa amejifungua, yuko kwa mama yake anakaa arobaini kama desturi, nusu ya arobaini haijafika, na majibu yamekuja.

"Nywele zina zebaki, khalti," alisema Daktari Maram. Alikuwa msichana mdogo, Kiswahili alikipata kwa bibi yake na alikitumia kwa uangalifu, kama chombo cha kuazima. "Nyingi kuliko tunavyopenda kuiona kwa mama mjamzito. Samaki gani mnakula?"

"Samaki wote. Sie watu wa pwani, mwanangu, tutakula nini?"

"Papa?"

Rahila alimpanga vizuri mtoto mapajani kabla ya kujibu.

"Papa ndiye aliyemweka hai huyu. Tangu mimba changa kila kitu akitapika. Nyama akitapika, kuku akitapika, hata maji. Papa mkavu tu, na ndimu na pilipili, ndiye aliyekaa tumboni. Na baada ya kuzaa nnampikia wa nazi, ndio mchuzi wa mzazi huo, unaleta maziwa. Mama yangu kanipikia mie."

Daktari akaeleza. Zebaki inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na kwenye migodi, nchi za mbali na za karibu, inaanguka baharini. Samaki mdogo anaipata kidogo. Mkubwa anamla mdogo, papa anawala wote na anaishi miaka mingi, na yote inabaki kwenye nyama yake.

"Mie namroweka," alisema Rahila. "Usiku kucha namroweka, kisha namchemsha na maji nayamwaga, mara mbili."

"Hiyo inatoa chumvi, khalti. Zebaki haitoki."

Rahila akamfunika mtoto miguu. Maisha yake yote watu wamemsifu kwa kuroweka papa; wapo waliosema hakuna Maskati nzima anayejua kumtoa chumvi kama yeye.

"Na maziwa yangu?" aliuliza Noof.

"Endelea kunyonyesha. Narudia, usiache. Maziwa yako bado ni bora kuliko ya kopo. Acha papa, acha nguru mkubwa na jodari mkubwa. Kula dagaa. Na usiseme umeacha samaki ukakimbilia kuku wa kukaanga na soda, sukari yako ilinisumbua mimba nzima." Alimwinamia mtoto, akamgusa kiganja, na vidole vidogo vikamshika. "Bashayer yuko sawa. Tutamfuatilia tu."

Hapo ndipo Rahila alipouliza, na wallahi hakuwa amekusudia kuuliza.

"Mtoto akiipata tumboni, anakuwaje?"

"Mara nyingi hakionekani kitu. Ikizidi sana, anaweza kuchelewa. Kukaa, kutembea, kusema."

"Mikono kutetemeka?"

"Ikizidi sana sana. Kwa nini, khalti?"

"Basi tu."

Noof aligeuka akamtazama mama yake, mara ya kwanza tangu waingie chumba kile.

Njiani Rahila alimsimamisha dereva wa teksi kwenye soko la Mutrah, akashuka, akanunua dagaa. Kisha wakaendelea mpaka nyumbani Darsait.

Khattab alikuwa pale walipomwacha, chini kwenye sakafu ya jikoni, miguu kainyoosha, bakuli la vitunguu thomu mbele yake. Kumenya thomu ndiyo kazi aliyopewa nyumba hii, na anakaa chini kwa sababu kitu kilichoko chini hakianguki tena. Ni kaka yake Noof, ndevu zimeshaanza mvi. Mikono yake inatetemeka tangu utotoni, miguu inaburuzika, na maneno yanamtoka kama yametafunwa. Anayeyaelewa ni mama yake na dada yake peke yao. Hana baya na mtu. Ukimpa punje moja ya thomu ataimenya mpaka ing'are, na adhana mbili zitapita.

Kila aliyeingia nyumba hii akamwona Khattab aliambiwa habari ileile. Khattab alizaliwa mzima. Alikuwa mtoto wa kutazamwa, mweupe wa macho, mnene wa mashavu. Siku moja jirani wa ghorofa ya chini, Mahbuba, shoga wa Rahila wa kufa na kuzikana, Muunguja mwenzake, akaingia, akamnyanyua, akasema, "Jamani mtoto mzuri huyu, utasema mwanasesere!" Akamrudisha kitandani akaenda zake, na "mashallah" hakuisema. Wiki ile mtoto akapata homa, na tangu siku hiyo hakuwa yule tena. Alizinguliwa kwa ubani na Kurani, akasomewa Nizwa, akasomewa Bahla, haikufaa kitu. Jicho lilikuwa limekwisha ingia.

Rahila aliisimulia habari hiyo mpaka jengo zima likaijua, na mitaa ya jirani. Watu wakaanza kuwafunika watoto Mahbuba akipita. Wenyewe hawana neno naye, ni tahadhari tu.

Ambacho habari ile haikutaja ni papa. Nani angetaja papa? Marehemu Saeed, mumewe Rahila, alikuwa na rafiki mvuvi wa kijiji cha Qantab, na mwaka ule wa mimba ya Khattab mvuvi yule alikuwa hodari wa kupata papa. Akimletea Saeed vipande vizima, bure. Rahila akivianika rosheni vikakauka, akila mchana na akila usiku, na asubuhi akichovya mkate kwenye mchuzi uliobaki. Mimba ilimpenda papa, na yeye akaona raha kwamba anakula kwa ajili ya wawili.

Sasa alisimama mbele ya friza iliyofunguliwa, anayatazama mafurushi ya papa yaliyofungwa vizuri kwenye mifuko. Alingoja moyo umpasuke. Haukumpasuka. Alijihisi kama mguu uliolaliwa, upo, unauona, na ukiufinya hausikii. Akatoa mafurushi yote akayatia mfuko wa taka, akaona ni dhambi kutupa neema, akayatoa, akaona ni dhambi zaidi kuyala, akayarudisha. Kisha akapika dagaa kwa tui la nazi na ndimu, mikono ikifanya kazi yenyewe.

Alimkuta Noof bafuni, kasimama kwenye beseni la kunawia, mkaja wa tumbo umemlegea, anajikamua. Maziwa yalikuwa yanaingia kwenye tundu la maji.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nayatoa."

"Daktari kasema usiache."

"Daktari kasema zebaki." Sauti ya Noof haikupanda wala haikushuka. "Mengine sikuyasikia, mama. Nimesikia zebaki."

Chumbani Bashayer alikuwa analia kwa njaa. Rahila alitaka kumshika binti yake mkono, akaona mkono wenyewe ndio ule uliopika. Akaurudisha.

Wakati huohuo kengele ya mlango ikalia.

Bi Wadha, mama wa Marhoon na mkwe wa Noof, hakuwa mtu mbaya, na anayesema vinginevyo ana lake jambo. Alizaliwa Tabora, kwenye duka la baba yake, akakulia kwenye nyama na asali, na samaki kwake ni chakula cha mtu aliyekosa. Mumewe ana shamba Ibra, ana mbuzi na ng'ombe. Noof alikuwa amempigia simu Marhoon kutoka hospitali, Marhoon akampigia mama yake, na mama mtu hakungoja chai ipoe. Aliingia na makopo ya maziwa ya unga, boksi la kuku wa kukaanga na chupa kubwa ya soda, kwa ajili ya mzazi.

Salamu alizitoa kamili, hakupunguza. Kisha akaenda jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria.

"Dagaa?" Alikishikilia kifuniko juu. "Mzazi analishwa dagaa? Bi Rahila, hivi sisi shambani tunawapa ng'ombe."

"Ndio maana ng'ombe wenu wana maziwa," alisema Rahila.

Siku nyingine wangecheka. Bi Wadha alikirudisha kifuniko taratibu.

"Mimi sikuja kugombana. Marhoon akitoka kazini atapitia hapa awachukue. Noof na mtoto watamalizia arobaini kwangu. Maziwa ya kopo yapo, daktari wa watoto yuko karibu. Hakuna lawama, Bi Rahila. Lakini chakula cha nyumba hii kimeonekana kina sumu, na mjukuu wangu ndiye huyo analia."

"Daktari kasema anyonyeshwe."

"Daktari hana mjukuu." Macho ya Bi Wadha yalishuka mpaka sakafuni, kwa Khattab na bakuli lake la thomu. Akayaondoa, lakini alikuwa amechelewa. "Nyumba hii mmeshapata mmoja."

Khattab aliinua kichwa akamchekea. Anapenda wageni.

"Huyo kapigwa jicho," alisema Noof kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja na mtoto begani, nguo imemlowa kifuani. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, na macho yake yalikuwa kwa mama yake.

"Ndivyo tulivyoambiwa," Bi Wadha aliitikia. "Siku tuliyokuja kuposa niliuliza mwenyewe. Nikasema, Bi Rahila, niambie kweli, huyu kijana ana ugonjwa wa ukoo? Maana mimi natafuta wajukuu. Ukaniapia kwa Mungu kuwa ni jicho. Nikaridhika. Haya, kama ni jicho, mwenye jicho si yuko hapo chini? Nimepishana naye ngazini sasa hivi, kageukia ukutani. Siwezi kumwacha mtoto mchanga juu ya kichwa cha mtu wa namna hiyo. Na kama si jicho," alinyanyua mabega, "basi niambie ni nini."

Rahila aliyaona yote mawili yamewekwa mbele yake kama sahani mbili. Akisema ni jicho, sufuria yake inatoka safi. Hajamdhuru mwanawe, hajamdhuru binti yake, na mjukuu anachukuliwa kwa sababu ya Mahbuba. Akisema si jicho, Mahbuba anatoka safi, na yeye anabaki na sufuria. Kwa vyovyote mtoto anakwenda. Basi kama hasara haikwepeki, kwa nini achague ile inayomvua nguo?

"Mama," alisema Noof. "Sema."

"Haikuwa jicho."

Ilimtoka sauti ndogo. Akaongeza, ili isirudi ndani.

"Sijui ilikuwa nini. Daktari mwenyewe hajui, na hatojua mtu. Huenda ikawa homa, huenda ikawa kudra tu. Lakini Mahbuba hakufanya kitu. Khattab hakuzaliwa mzima. Tangu wa siku chache alikuwa hashiki vizuri, mie nilikuwa naona, nikisema atakazana. Na mimba yake nilimla papa mchana na usiku. Sikujua, ndiyo, lakini nilimla. Nilikuwa nnataka mtu wa kumpa lawama, na Mahbuba alikuwa karibu."

Bi Wadha aliutafuta ukingo wa meza akaushika.

"Uliniapia, Bi Rahila."

"Nilikwishaisema mara nyingi nikaiamini."

"Mwanangu kaoa kwa kiapo kile."

"Kaoa."

Khattab akavuta kanga ya mama yake. Harufu ya jikoni ilikuwa imemchanganya tangu mchana. Akasema maneno yake yaliyotafunwa, na Bi Wadha akauliza kasema nini.

"Anauliza leo hakuna papa," alijibu Rahila.

Bi Wadha alichukua mkoba wake. "Noof, vaa abaya."

Noof alikwenda kwenye sufuria. Akapakua wali, akapakua dagaa, akakaa chini kwenye sakafu kando ya kaka yake, na kwa mkono mmoja akala, vichwa na miiba, bila kuchagua, kama mtu anayemeza dawa. Kisha akafungua kifungo cha nguo akamweka Bashayer ziwani. Mtoto alilivamia kwa hasira, akakohoa, akalivamia tena.

"Nitakula hapa, khalti," alisema Noof. "Marhoon akija nitasema naye."

Bi Wadha alisimama akitazama. Midomo ilimcheza, huenda alikuwa na neno, huenda alikuwa analia. Makopo aliyaacha juu ya meza, kuku akaondoka naye. Marhoon alikuja jua likizama, akakaa ukingoni mwa kochi na funguo za gari mkononi, akasema mama yake hajala tangu mchana. Akauliza kama maziwa yana hatari. Noof akamwambia aliyoyasema daktari, safari hii yote. Marhoon akamtazama mkewe, akamtazama Khattab, kisha Rahila hakumtazama kabisa. Akasema atarudi Ijumaa, wataona.

Usiku ule Rahila alilala vizuri, na jambo hilo lilimtisha kuliko yote. Mama mwenye haya angekesha.

Kesho yake baada ya alasiri alimwomba Noof mtoto.

"Unampeleka wapi?"

"Chini."

Mtoto wa arobaini hatolewi nje, hilo Rahila mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasimamia wenziwe. Noof alimtazama kitambo. Kisha akamfunga Bashayer vizuri kwenye kitambaa chake, akampa.

"Ngazi si nje," alisema Noof.

Mlango wa Mahbuba ulikuwa na rangi ileile, imebanduka palepale. Rahila aligonga.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?"

"Rahila."

Komeo lilichukua muda kufunguka. Mahbuba alikuwa amezeeka, kama kwamba alizeeka siku hiyo, maana Rahila hakuwa amemtazama usoni miaka yote ile. Nywele nyeupe chini ya leso, miwani minene. Alifungua mdomo kutoa salamu, akaliona furushi, na hapo hapo akageukia ukutani. Hakuonyesha kuudhika. Alifanya haraka na kwa adabu, kama anavyofanya kwenye lifti, kama anavyofanya dukani mama yeyote akiingia na mtoto.

"Mfunike uso, Rahila," aliuambia ukuta. "Una mtoto hapo."

"Simfuniki. Nimekuja kukwambia jambo."

Akamwambia, palepale mlangoni, kwa maneno yaleyale ya jana, ya nywele, ya zebaki, ya papa. Alisikia sauti yake inapita kavu, kama mtu anayetoa habari za watu wengine. Alipofika kwenye samahani, ikatoka samahani, nayo kavu.

Mahbuba hakugeuka.

"Papa," alisema. "Wale papa wa Qantab?"

"Wale."

"Ukinipa na mie sahani. Kila ukipika."

"Nilikuwa nikikupa."

"Mtamu kweli yule papa," alisema Mahbuba.

Ghorofa ya juu mtu aliburuza kiti.

"Mshike," alisema Rahila.

"Hapana."

"Mshike, Mahbuba. Mamake anajua. Yeye ndiye aliyemfunga kunipa."

Mahbuba alijipangusa mikono kwenye gauni, upande huu na upande huu, mara nyingi kupita haja. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha mikono. Rahila alimweka Bashayer juu yake. Mikono ile ilijua pa kushika, kichwa na mgongo, ingawa haikuwa imeshika mtoto tangu Khattab.

"Mashallah," alisema Mahbuba. "Mashallah. Mashallah, tabarakallah."

Rahila aliinama amtazame. Mahbuba alikuwa amefumba macho, ameyakaza mpaka makunyanzi yameungana.

"Fumbua."

"Siwezi," alisema Mahbuba. "Nshazoea hivi."

Na akaendelea na mashallah zake, moja baada ya nyingine, huku kidole kikipapasa shavu, pua, kope. Bashayer hakulia. Alikuwa macho, anamtazama.